Mwalimu na jirani aliyeachwa njiani

Treni ya abiria inayotoka Tabora kwenda Mwanza hupita hapa Isaka. Mwishoni mwa mwaka 1978 na miezi ya mwanzo ya 1979 reli hii ilipitisha treni za aina nyingine. Zilijaa askari wa Jeshi la Wananchi na mgambo, wengi wao vijana waliotolewa shambani, wakipelekwa Mwanza ili wavushwe ziwa kwa meli hadi Bukoba. Baadhi yao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa. Wengine walirudi, na leo ni wazee wa kanisani kwetu. Ukiwauliza walikwenda kumpiga nani, watakujibu upesi. Ukiwauliza kwa nini walikwenda wao, na si wengine wenye nguvu zaidi duniani, hapo mazungumzo huwa marefu.

Swali hilo limerudi kwa sababu ya habari za miaka hii. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kila anayefungua redio husikia mjadala uleule: Marekani, taifa kubwa linalojivunia demokrasia yake, lina wajibu gani kwa nchi ndogo iliyovamiwa? Likitoa silaha linalaumiwa, likisita linalaumiwa. Waamini nao huuliza Kanisa linasemaje. Kanisa lina mafundisho yake, nami nitayagusa, lakini Jumapili hii naona heri tuyatafute katika maisha ya mwamini mwenzetu ambaye aliwahi kuomba msaada wa taifa kubwa akaupata, na miaka kumi na minne baadaye akavamiwa, wakubwa wakaishia kutoa matamko.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Shule alianza akiwa na miaka 12, Mwisenge, kisha akaja Tabora. Alibatizwa mtu mzima, Desemba 1943, huko Nyegina, akachagua jina la Julius. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mababa Weupe, ambako Padre Richard Walsh alikuwa rafiki na mshauri wake. Akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada, akafundisha Pugu. Mwaka 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU, na Machi 1955 alikuwa New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, mwalimu wa sekondari anayesemea nchi nzima.

Safari hiyo ilimgharimu ajira yake. Aliporudi aliacha ualimu, akaenda kwao Musoma, na kwa muda alikaa karibu na mapadre wa Maryknoll, akiwafundisha Kizanaki. Sisi wa Shinyanga tunawajua vizuri Wamaryknoll, maana askofu wetu wa kwanza, Edward McGurkin, alikuwa mmoja wao. Walikuwa Wamarekani. Nataja hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba Mwalimu aliichukia Marekani. Aliwajua Wamarekani wakila ugali wa mtama Uzanaki, kabla hajawajua wakiwa Ikulu yao. Julai 1963 alikaribishwa Washington na Rais John Kennedy, Mkatoliki mwenzake, nao walielewana. Vijana wa Peace Corps walikuwa tayari wanafanya kazi Tanganyika.

Lakini ilikuja Januari 1964. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara mikubwa zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Uasi ukaenea hadi kambi ya Tabora na ya Nachingwea. Serikali iliyochaguliwa na wananchi, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, haikuwa na mtu wa kuilinda. Mwalimu alifanya jambo lililomuuma: aliomba msaada wa Uingereza, mkoloni aliyeondoka juzi. Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza walishuka kutoka meli ya Centaur, na kwa muda mfupi uasi ukaisha.

Mtu mwingine angewashukuru wale askari na kuwaacha wakae. Yeye aliitisha mkutano wa dharura wa nchi za Afrika hapohapo Dar es Salaam, mwezi uliofuata, akaeleza aibu yake hadharani, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ikaleta wanajeshi wake, wakakaa hadi Septemba 1964, Jeshi la Wananchi lilipoundwa upya. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kwamba mwenye nguvu anaweza kuja kukuokoa kwa haki kabisa, kwa kuitwa, na bado ukabaki na deni lisiloandikwa popote. Alilikimbia deni hilo maisha yake yote. Desemba 1965, Uingereza iliposita kumzuia Ian Smith na walowezi wenzake waliojitangazia uhuru wao Rhodesia, alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Kwa nchi maskini kama yetu hizo zilikuwa fedha nyingi mno, na wapo waliomwona hana busara.

Upande wa kusini aliona jambo jingine. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO tangu mwaka 1949, katika umoja ule ambao Marekani iliuongoza ili kuzilinda demokrasia za Ulaya. Ureno yenyewe haikuwa demokrasia, ilikuwa chini ya udikteta, na ilipigana na Waafrika wa Msumbiji waliokuwa wakidai uhuru. Mwalimu hakuchoka kuwauliza Wamarekani na Waingereza ngao hiyo inamlinda nani. Hakupata jibu la kuridhisha hadi Wareno wenyewe walipoiangusha serikali yao Aprili 1974.

Sasa tuje Uganda, maana huko ndiko alikopimwa kweli.

Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitambua serikali yake mapema. Mwalimu alimpa Obote hifadhi na kukataa kumtambua Amin. Hapa tuseme kweli yote: Septemba 1972 Waganda waliokimbilia kwetu walivuka mpaka kutokea Tanzania ili kumng'oa Amin, wakashindwa vibaya. Amin alijibu kwa mabomu juu ya Bukoba na Mwanza, na nchi mbili zikapatanishwa Mogadishu Oktoba mwaka huo. Anayesimulia vita vya Kagera kana kwamba vilianza siku moja, upande mmoja ukiwa malaika, hawatendei haki wafu wa pande zote mbili.

Ndani ya Uganda damu iliendelea kumwagika. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu na mwamini Mkatoliki, alichukuliwa mahakamani mwaka 1972 na hakuonekana tena. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa Februari 1977. Hao ni wenye majina. Idadi ya wote waliokufa katika utawala ule hukadiriwa kufika 300,000.

Serikali ya namna hiyo iliishije miaka minane? Iliishi kwa kahawa. Zao hilo ndilo lililoingiza karibu fedha zote za kigeni za Uganda, na bei ilipanda sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Marekani peke yake ilinunua karibu theluthi moja ya kahawa hiyo. Ndege za Uganda zilitua Stansted, nje ya London, kupakia wiski na bidhaa za anasa za kuwapooza askari wa Amin. Serikali za nchi hizo zilimlaani Amin mchana, na wafanyabiashara wao walimlipa usiku.

Hata hivyo palikuwa na watu Marekani ambao dhamiri haikuwaacha walale. Mbunge wa Ohio, Don Pease, na wenzake walipigania sheria ya kuzuia biashara na Uganda. Serikali ya Rais Jimmy Carter, iliyojitangaza kuwa mtetezi wa haki za binadamu, ilisita kwa muda mrefu. Mwishowe Bunge lilipitisha, na Carter akatia sahihi tarehe 10 Oktoba 1978. Siku ishirini baadaye Amin alituvamia. Wataalamu wanabishana marufuku ile ilichangia kiasi gani kumwangusha. Mimi si mchumi. Naona tu kwamba taifa lile kubwa lilikuwa na silaha isiyomwaga damu hata tone, nayo ni kuacha kununua, na liliichomoa baada ya miaka saba ya makaburi. Lingeichomoa mwaka 1973, huenda reli ya Isaka isingepitisha treni zile.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe walisombwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakadhulumiwa. Waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500, na waliokimbia ni makumi ya maelfu. Ikumbukwe kwamba Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewasilisha Cairo, mwaka 1964, azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Sasa mpaka wake ulivunjwa, akaugeukia umoja huo umlaani mvamizi. Umoja haukumlaani. Ulituma wapatanishi wa kumwomba asimamishe mapigano, kana kwamba aliyepigwa na aliyepiga wana kesi moja. Marekani na Uingereza zilimtaka Amin aondoke, lakini hazikuleta jeshi wala silaha. Msumbiji ya Samora Machel, maskini kama sisi, ilituma askari.

Hotuba aliyotoa Mwalimu tarehe 2 Novemba, watu wazima wa nchi hii wanaikumbuka bila kusomewa. Alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Tuliopitia seminari tunajua kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alidai mambo matatu ili vita viwe vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Mawili yanafanana. Sijui kama Mwalimu alikuwa na Thoma akilini, ila alikuwa mtu wa Misa ya asubuhi katika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, na alisoma mafundisho ya Kanisa kuliko baadhi yetu mapadre. Katekisimu inaongeza masharti mengine: madhara yawe makubwa na ya hakika, njia nyingine ziwe zimeshindikana, pawe na matumaini ya kufaulu, na vita visilete ubaya kuliko ule unaoondolewa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomsumbua. Novemba hiyohiyo jeshi letu lilirudi ng'ambo ya Kagera, na wavamizi wakaondoka. Kazi ya kujihami ilikuwa imekwisha, au haikuisha? Amin alikuwa bado madarakani, na vilima vya Mutukula vilimpa nafasi ya kupiga tena. Januari 1979 askari wetu walivuka na kuiteka Mutukula, na huko, kwa hasira ya waliyoyaona Kagera, waliua raia na kuusawazisha mji kwa matingatinga. Habari zilipomfikia Mwalimu alishtuka, akaamuru raia na mali zao visiguswe tena. Amri hiyo haikuzuia kila kitu, maana Masaka nayo iliharibiwa vibaya mwezi uliofuata. Lakini kiongozi aliyekuwa na haki upande wake alitambua kwamba haki hiyo inaweza kupotea mikononi mwa askari wake mwenyewe.

Halafu ikaja Libya. Muammar Gaddafi alituma askari kumsaidia Amin, na Machi 1979 akamtishia Mwalimu kwamba asipoondoka Uganda ataingia vitani. Mwalimu hakutishika. Ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Watu wa Mwanza bado wanalicheka jambo hilo, ingawa lingeweza kuwa msiba. Lakini majeshi yetu yalipoikaribia Kampala mwezi Aprili, Mwalimu aliamua barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi ili Walibya wapate njia ya kukimbia, akampelekea Gaddafi ujumbe kwamba anaweza kuwachukua watu wake salama. Makamanda wengi duniani wangeifunga barabara hiyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na Walibya wengi wakafika kwao hai.

Nimesoma Injili ya Msamaria Mwema, sura ya kumi ya Luka, mara nyingi nikiwa na habari hizi moyoni. Tunapoihubiri huwa tunafika baada ya wanyang'anyi kuondoka. Yesu hakusimulia habari ya msafiri aliyefika wakati kipigo kinaendelea. Kuhani na Mlawi walikuwa na sababu zao za kupita kando, kama vile Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyokuwa na ibara yake ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Na mwenye nyumba ya wageni alilipwa. Nani alimlipa Mtanzania? Vita vilitugharimu kiasi cha dola milioni 500, na fedha hizo hazikurudi. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Waliopanga foleni ya sabuni na sukari mwaka 1983 wanajua miezi hiyo ilikuwa mirefu kiasi gani. Siasa za uchumi za Mwalimu mwenyewe zilichangia, bei ya mafuta nayo ilichangia, lakini huwezi kuiondoa Kagera katika hesabu.

Na shukrani? Julai 1979, katika mkutano wa Monrovia, Rais Nimeiry wa Sudan na wengine walimlaumu kwa kuingilia nchi ya mwenziwe. Wale waliokaa kimya Amin alipochinja watu wake walipata sauti alipoondolewa.

Ninayo mashaka yangu pia. Tanzania ya wakati ule haikuwa demokrasia ya vyama vingi, na sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilitumiwa na Mwalimu mwenyewe. Tulikwenda kuwarudishia wengine uhuru ambao sisi tuliutumia nusu. Kule Uganda, Waganda walikutana Moshi Machi 1979 na kumchagua Yusuf Lule, naye akadumu siku 68. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote kwa matokeo yaliyopingwa, vita vipya vikaanza, na Luweero ikajaa mafuvu. Askari wetu walikuwa wengi sana Uganda wakati serikali zikibadilishwa, na Mwalimu hakuwa mtazamaji tu. Anayemwondoa dhalimu huachiwa funguo za nyumba isiyo yake, na hapo ndipo mataifa makubwa yalipoharibikiwa mara nyingi, Marekani ikiwemo. Mwalimu aliziachia funguo hizo. Kufikia katikati ya 1981 jeshi letu lilikuwa limerudi nyumbani. Hatukuchukua kilomita moja ya ardhi, wala mgodi, wala kituo cha kijeshi.

Aliondoka madarakani kwa hiari yake Novemba 1985. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwapatanisha Warundi, akiwa hana jeshi nyuma yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Vita vyenyewe vilihesabiwa kwisha tarehe 3 Juni 1979, askari wetu walipofika mpaka wa Uganda na Sudan. Katika kalenda ya Kanisa siku hiyo ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu, Watanzania huenda Namugongo kumwombea Mwalimu, na Waganda huungana nao. Mabasi ya mahujaji wetu huvuka daraja la Kyaka, hupitia Mutukula, ambayo imejengwa upya, na kusimama Masaka ili watu wanunue ndizi.